Afande na Bangi Mwitu ya Busiu

Afande alikuwa hasalimii kabla hajang'oa kitu. Ukimkaribisha nyumbani kwako, angepita mlango, angepita kiti ulichomtolea, akaenda moja kwa moja kwenye bustani nyuma ya jiko. Hapo angeinama, akashika mche wa nyanya au wa ntula, zile nyanya chungu, shingoni, akauvuta wote juu na kuukung'uta udongo. Angeinua mizizi mpaka usawa wa macho, akafumba jicho moja, akaitazama kama fundi saa. Ndipo angegeuka na kuuliza, "Haya, habari ya hapa?"

Watu wa Busiu walimzoea kwa namna yao. Akina mama waliomwona akija waliwatuma watoto wasimame mbele ya nyanya, mikono imetandazwa, kama magolikipa. Siku ya harambee ya kanisa aling'oa ua la padri lililokuwa mlangoni, mbele ya waumini wote, akaliangalia mizizi, akatikisa kichwa. "Father, hii ua yako ilikuwa inakufa kesho kutwa," alisema. "Sasa imekufa leo. Ni ile ile." Padri akatoa tabasamu la mtu aliyekwisha kuapa kutokasirika.

Majani hayakumhusu hata kidogo. Alisema majani ni uniform, na uniform hata mgonjwa anaweza kuipiga pasi.

Alikuwa amestaafu kazi ya magereza. Kwa miaka mingi alikuwa Jinja, akisimamia bustani ya mboga iliyolimwa na wafungwa, na baba yangu alikuwa askari chini yake. Sisi tulikulia kwenye kota za askari, ndiyo maana Kiswahili kilitukaa mdomoni kabla ya Lumasaba, lugha ya kwetu. Mimi nimekinyoosha baadaye, kwa kuuza nyanya kwa Wakenya wanaovuka mpaka, watu ambao ukikosea ngeli wanakushushia bei. Mke wa Afande alikuwa mtu wa Busiu, kwa hiyo alipostaafu alimfuata huko. Sisi tulirudi Busiu kwa sababu nyingine. Mama alitangulia kaburini, baba akafuata, tukarudishwa kwenye kipande cha ardhi cha baba, chini kidogo ya barabara ya Mbale kwenda Tororo. Mimi nilikuwa mkubwa, nimeachia shule sekondari. Nyuma yangu alikuwapo Wafula, halafu Khainza, halafu mdogo wetu wa mwisho ambaye kila mtu alimwita Toto.

Ukoo ulikaa kutujadili. Baba mdogo alikuja na mpango uliokwisha kuiva: Wafula aende kwake kuchunga ng'ombe, Khainza apelekwe Mbale kwa shangazi akaoshe vyombo, Toto aende kwa bibi, na ardhi ikodishwe. Mimi, alisema, nilikuwa nimefika umri wa kuolewa. Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini niliendelea kusema mpaka mzee wa ukoo, mtu mrefu asiyependa kelele, akaamua hivi: nipewe mvua hizi na misimu miwili ya mvua itakayofuata. Shamba likitulisha, tungebaki pamoja. Likishindwa, tungegawanywa. Alitumia neno hilo, kugawanywa, na Khainza, aliyekuwa mdogo, akaniuliza usiku ule kama yeye angekatwa wapi.

Kwa hiyo nilipanda nyanya. Nilizipanda kwa hasira na zikaota kwa hasira. Kisha, zilipoanza kutoa maua, kila mchana zililala chini kama zimepigwa, na jioni zikainuka. Kila siku baba mdogo alipita saa sita mchana, si asubuhi wala jioni, akasimama barabarani akizitazama zimelala, akaondoka zake. Wengine waliniambia ni jua. Jirani mmoja aliniambia ni jicho la mtu na akanielekeza kwa mganga.

Afande alikuja, akang'oa mche mzuri kuliko yote. Mizizi ilikuwa imevimba vifundo vifundo, kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi.

"Iko na minyoo," alisema.

Nilimwambia sioni mnyoo wowote.

"Hutaona. Hii minyoo ni mudogo kuliko uongo ya asubuhi. Inaingia ndani ya muzizi, inajenga nyumba, inazaa. Maji inataka kupanda juu, inakuta nyumba ya watu katikati ya barabara. Mchana jua inaita maji, maji hapana kuja. Nyanya inalala. Usiku kiu inapungua, inaamka, unafikiri imepona." Akautupa mche kwenye gunia lake. "Kuruta, haijapona."

Kuruta nilikuwa mimi. Aliwaita watu wote wapya kazini hivyo, na kwa hesabu zake mimi sikuacha kuwa mpya mpaka mwisho.

Neno lile, minyoo, lilitusumbua. Wafula alikuwa akisikiliza nyuma ya jiko. Kesho yake alikwenda kwenye zahanati, akashika tumbo, akajikunja vizuri sana, akapewa vidonge vya minyoo. Alivisaga, akavikoroga kwenye ndoo, akamwagilia mstari mzima. Akavunja kingine akampa mbuzi, kwa kuwa kilibaki. Nilipomweleza Afande, nilifikiri angefoka. Alikaa chini kwenye udongo akacheka mpaka kofia ikaanguka, halafu akamwita Wafula, akamsimamisha wima na kumpongeza rasmi kwa kutumia akili, ijapokuwa kwa mgonjwa asiyehusika. Mbuzi, alisema, atanenepa. Na kweli alinenepa.

Kosa langu lilikuwa tofauti. Baada ya kuona vile vifundo, nilikwenda kwenye maharagwe yetu, nikang'oa mche mmoja, nikakuta vifundo, nikang'oa mwingine, navyo vipo. Nilikuwa nimeanza mstari wa tatu Afande aliponikuta. Hakucheka safari hii. Alichukua mzizi wa maharagwe, akasukuma kifundo kwa ukucha, kikabanduka na kuanguka. Akakipasua, ndani kikawa chekundu kidogo kama nyama. Akachukua mzizi wa nyanya, akasukuma kwa ukucha ule ule, kifundo kikakataa, kwa kuwa kilikuwa ni mzizi wenyewe uliovimba. Kinachobanduka, alisema, ni mpishi anayekaa nje na kulisha nyumba. Kisichobanduka ni mwizi aliyekwisha kuwa ukuta. Akaniamuru nirudishe maharagwe ardhini na kuyaomba msamaha. Nilifikiri anatania. Alisimama akisubiri. Nikayaomba msamaha.

Lugha zake zilikuwa na kazi tofauti. Alikuwa mtu wa kaskazini, lakini lugha ya kwao sikuwahi kuisikia ila alipojigonga kidole. Alisali kwa Kiingereza, kwa sababu aliamini Mungu ni afisa. Aligombana na mkewe kwa Lumasaba, na alishindwa kila mara. Amri zote zilikuwa kwa Kiswahili, kile cha kambini, kisicho na mapambo. Shida ni kwamba watu wazima wa Busiu walikuwa na kumbukumbu mbaya za Kiswahili cha namna hiyo, cha wanajeshi waliokuwa wakikamata watu usiku. Alipoita "Wewe! Kuja hapa!" barabarani, wanaume wenye heshima zao waliruka ua. Yeye alikuwa anamwita kuku. Nilimwambia siku moja kwamba watu wanamwogopa, akashangaa sana, akasema yeye hajawahi kumpiga mtu ila mmoja, na huyo alikuwa shemeji.

Alikuwa na beseni la maji mlangoni kwake, na kila mgeni aliosha miguu na jembe kabla ya kuingia shambani, kwa kuwa minyoo husafiri kwa udongo wa viatu na majembe. Waislamu wa pale kituo cha biashara walipoona watu wakiosha miguu kwa Afande asubuhi na jioni, walifurahi, wakasema mzee anakaribia. Mmoja alimletea tende. Afande alizila, akamwambia mkewe kwamba dini yoyote inayoosha miguu ina mwelekeo mzuri katika kilimo. Lakini viatu vyake mwenyewe, zile gambuti nyeusi alizotoka nazo gerezani, hakuviosha kamwe. Alizunguka navyo bustani za watu wote. Khainza ndiye aliyemwona, akamsimamisha kwenye njia yetu, akamwonyesha beseni letu. Afande alitazama huku na huku kuona kama hakuna anayemwona, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Baada ya hapo alimheshimu Khainza kuliko mimi.

Na nyanya hakula. Alisema zinamwasha ulimi. Kwa miaka yote niliyomjua nilimwona akipigania nyanya kama ndugu zake wa damu, na zilipofika kwenye sahani akazisogeza pembeni kwa kidole, moja moja.

Aliyajua yote haya wapi? Kwa muda mrefu alinijibu kwamba alifundishwa na serikali. Siku moja, alipokuwa amekunywa kidogo, jibu likabadilika. Kumbe kule Jinja alikuwa na kitalu kimoja cha miche ya nyanya, kizuri mno, na maofisa wote walikuwa wakimwomba. Aliwagawia kwa ukarimu, na udongo wake kwenye mizizi, afisa huyu na yule, hadi mke wa mkubwa wake na masista wa kanisani. Mwaka uliofuata kila bustani aliyoipa zawadi ililala mchana. "Mimi ndiye nilipeleka," alisema. "Kwa mukono yangu. Na salamu juu." Alihangaika kujifunza baada ya hapo, akiuliza kila mtu aliyewahi kushika jembe, akijaribu hiki na kile, na mengine yalimshinda. Aliamini majivu kwa mwaka mzima. Aliamini mkojo wa ng'ombe. Alisema kwamba kila alichonifundisha kilikuwa kimebaki baada ya upuuzi mwingine wote kufa.

Hukumu yake kwa shamba letu ilikuja mwisho wa msimu ule. Tuling'oa nyanya zote pamoja na mizizi, hata mmoja usiachwe chini. Jirani alitaka tuitupe kijitoni, Afande akasimama mbele ya kijito kama afisa mbele ya lango. Ilikauka juani, tukaichoma. Kisha alisimama katikati ya shamba, mikono nyuma, akatamka:

"Nusu hii nafunga. Msimu mzima. Hapana nyanya, hapana ntula, hapana biringanya, hapana viazi vitamu. Akija mgeni wa jamii hiyo, hapana kufungua."

Minyoo ikikosa mzizi inaoupenda, alieleza, hufa njaa. Nusu ya pili ya shamba tulipanda karanga, ambazo minyoo hii haizitamani, na hizo zingetulisha. Katika nusu iliyofungwa aliniambia nipande bangi mwitu.

Msomaji asiyeijua bangi mwitu aelewe kwamba ni gugu. Linaota lenyewe kando ya njia, refu, lenye majani yaliyokatikakatika na maua madogo ya njano iliyofifia, na harufu kali inayobaki kwenye nguo mpaka Jumapili. Mtu akiliona kwa mbali anaweza kulifananisha na bangi yenyewe, na jina likatoka hapo. Mizizi yake ina kitu kinachoisumbua minyoo. Ukilipanda kwa wingi, limebanana, kisha ukalifukia ardhini kabla halijatoa mbegu, udongo unapumua. Watu wengine walinunua dawa za dukani kwa kazi hiyo. Sisi hatukuwa na uwezo huo, na Afande alizichukia dawa zile kwa sababu zilimkumbusha mfungwa mmoja aliyezidhania sukari.

Fikiria nafasi yangu. Ukoo ulinipa mvua zile kuonyesha kwamba ardhi inatulisha, na mimi nusu yake nimeipanda gugu linalonuka, kwa mkono, kwa mistari, na kulipalilia. Wafula alitupiwa maneno shuleni. Baba mdogo alianza kupita hata asubuhi.

Na Afande hakunisaidia. Kila asubuhi, akienda kunywa chai kwenye kituo cha biashara, alisimama barabarani, mkono mdomoni kama tarumbeta, akaita ng'ambo ya shamba mpaka taksi zilizokuwa zikipakia zikamsikia:

"Kuruta! Bangi inaendelea aje?"

"Inaendelea vizuri, Afande!"

"Chunga watoto wasichume!"

Alifanya makusudi. Alifurahia nyuso za abiria. Kwamba huyu mtu alikuwa amewalinda watu waliofungwa kwa bangi nusu ya maisha yake ndilo lililomnogea zaidi.

Siku mambo yalipoharibika, mimea ilikuwa imenifika mabegani. Mwenyekiti wa kijiji alikuja asubuhi na polisi wawili kutoka kituoni, na baba mdogo nyuma yao, na nyuma ya baba mdogo nusu ya Busiu. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema aliyeona haya. Aliniambia wamepata taarifa kwamba mayatima wanalima bangi, na sheria ni sheria. Polisi mdogo alinishika mkono. Mkubwa alikwisha kuanza kung'oa mstari wa kwanza kwa ushahidi, na nilijua hesabu ya jambo hilo: mimi nikilala kituoni Mbale, hata usiku mmoja, ukoo ungekaa asubuhi ile ile, na nikirudi ningekuta nyumba tupu. Toto alianza kulia. Khainza hakulia, alikimbia.

Alirudi na Afande, gambuti zikipiga miguuni, povu la kunyolea bado shavuni. Polisi wale walimpigia saluti kabla hawajafikiri.

"Makosa ni gani?" aliuliza.

"Afande," mwenyekiti alisema kwa upole, "tunaambiwa hii ni bangi."

"Nani anasema?"

"Wewe, Afande. Kila asubuhi. Mpaka Tororo wanajua."

Watu walicheka. Afande akafuta povu kwa kiganja.

"Ni bangi mwitu," alisema. "Dawa ya udongo. Ile ingine ni ingine."

Polisi mkubwa alisema hilo litaamuliwa Mbale. Ndipo Afande akageukia umati, akauliza swali la haki kabisa. Hapa watu ni wengi, alisema, wazee na vijana. Bila shaka mmoja wao anaijua bangi yenyewe. Aje mbele, anuse, aseme kama ndiyo au siyo, na kesi iishe.

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakikosa ujuzi kwa pamoja. Alikuwapo fundi baiskeli ambaye kila mtu alijua anavuta nini nyuma ya duka lake. Alikuwa akiangalia mawingu. Alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akikuza yake katikati ya mahindi tangu zamani. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa hana viatu. Hakuna aliyekuwa tayari kuwa mtu anayeijua. Afande aliwageukia polisi. Mdogo alisema yeye alionyeshwa mafunzoni, lakini ilikuwa imekauka. Mkubwa alisema anaijua kikazi tu.

Polisi mdogo alinivuta kidogo, kwa adabu, kuelekea barabarani.

Baba mdogo hakuweza kuvumilia. Alisukuma watu, akaja mbele. "Msidanganywe na huyu mzee," alisema. "Ni bangi. Mimi naijua."

"Muzuri," Afande alisema. Akachuma jani, akalisaga kwenye kiganja, akampelekea puani taratibu, kama mtu anayempa mkubwa maji ya kunawa. "Nusa, bwana."

Baba mdogo alinusa. Uso ukamkunjamana.

"Aa," alisema. "Hii siyo yenyewe. Yenyewe hainuki hivi. Yenyewe, ikiwa mbichi, inakuwa na kama—" Akasimama hapo.

"Endelea, bwana," Afande alimwambia kwa sauti laini kabisa. "Ikiwa mbichi inakuwa aje?"

Kicheko kilianzia kwa yule mzee asiye na viatu. Kilimpata mwenyekiti, kikampata padri aliyekuwa amesimama na baiskeli yake, kikawapata polisi wenyewe. Polisi mdogo aliniachia mkono. Mkubwa alirudisha ile miche aliyokwisha kung'oa, akanipa kwa mikono miwili, kisha akamwomba baba mdogo watembee pamoja mpaka kituoni, kwa mazungumzo tu. Baba mdogo alirudi jioni, mtulivu. Hakushtakiwa. Lakini kwa mwezi mzima, alipopita, watoto walimwuliza ikiwa mbichi inakuwaje.

Sikumshukuru Afande siku ile. Nilimfuata mpaka kwake na kumwambia kwamba mdomo wake ulikaribia kunipokonya ndugu zangu, kwamba mchezo wake wa kila asubuhi ulikuwa mchezo juu ya watu wasio na baba. Mkewe alisimama mlangoni akitingisha kichwa kunikubalia. Afande alisikiliza akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama mtu anayesomewa shtaka. Nilipomaliza alisema, "Ndiyo, Kuruta." Kesho yake asubuhi hakuita barabarani. Alishuka mpaka shambani, akaniuliza kwa kunong'ona kama bangi inaendelea vizuri, na alinong'ona hivyo hivyo mpaka siku tulipoifukia.

Mvua zilipokuja, kitalu tulikipiga pasi, kama alivyopenda kusema: tuliwasha moto wa mabua na nyasi juu ya udongo mpaka ukaiva vidole viwili kwenda chini, tukaacha upoe, tukapanda mbegu. Miche ilihamishwa kwenye nusu iliyokuwa kifungoni. Karanga zilikuwa zimetulisha, zilibaki hata za kuuza Mbale. Nyanya zikatoa maua. Ilipofika mchana wa jua kali, nilikaa chini ya ukuta wa jiko nikizitazama. Majani yalilegea kidogo, kama mtu anayepiga mwayo, lakini yalibaki juu. Baba mdogo alisimama barabarani, akatazama sana, akaendelea na safari yake.

Ukoo ulikuja wakati nyanya zinaiva. Niliwapikia, wakala, wakatembezwa shambani. Na Afande, ambaye hakualikwa, alitokea, akapita viti vyote, akashika mche mzuri kuliko yote, uliokuwa na nyanya nyekundu kila tawi, akaung'oa. Aliutikisa, akampelekea mzee wa ukoo mizizi. Ilikuwa mirefu, myeupe, na vifundo vichache huku na huku.

"Wapo," Afande alisema. "Lakini wachache."

Mzee wa ukoo aliuliza kama hawataisha.

"Hawa hapana kuisha. Unafunga, wanatoka, unafunga tena. Mtu mwenye kushika hii shamba lazima awe wa kukaa. Ukikodisha kwa mtu wa msimu mmoja, atapanda nyanya juu ya nyanya, na baada ya hapo mtagawana udongo tupu." Akaninyooshea mche bila kunitazama. "Huyu ni wa kukaa."

Mzee wa ukoo aliupokea mche, akageuza mizizi mkononi mwake kwa muda mrefu, kisha akasema watoto wabaki. Alisema pia kwamba nyanya za mche ule zisipotee, akazitia mfukoni mwa koti lake.

Mke wa Afande alifariki baada ya miaka michache, na binti yao akamchukua mzee akakae Jinja. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimempeleka Khainza, ambaye alipata nafasi ya kusomea uuguzi, na tulipomaliza mambo yake niliuliza njia mpaka mtaa wa Kimaka. Nyumba ya binti ilikuwa nzuri, na ua wake wote ulikuwa wa sementi, ukuta mpaka ukuta, hakuna mahali pa kuchomeka hata kijiti. Afande alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amepungua. Miguu ilikuwa imevimba, na kulikuwa na fimbo. Alinifahamu kwa hatua kabla sijafika.

Binti alituletea chai, akaniomba nisimchoshe. Aliniambia kwamba mzee haruhusiwi kutoka peke yake, kwa sababu alikuwa ameingia kwenye bustani za maofisa wa jeshi huko juu na kulikuwa na malalamiko. Afande alisikiliza akitazama pembeni, kama mtu anayesikia habari za mwingine.

Tulipobaki wawili aliuliza, "Wengine wako wapi?"

Nikamwambia. Khainza yuko hapa hapa Jinja. Wafula yuko Mbale, anachomelea vyuma kwenye karakana upande wa viwanda, analala huko huko. Toto anasoma bweni. Nilipokuwa nikiwataja nilisikia ninachosema. Nyumba ile niliyoipigania, nilikuwa nimeifunga kwa kufuli asubuhi ile, na ndani hakubaki mtu.

"Wamegawanyika, Afande," nilisema. "Baada ya yote."

Alikunywa chai yake mpaka chini. "Nani aligawa?"

"Hakuna. Walikwenda wenyewe."

"Wanarudi?"

"Wanarudi. Krismasi. Na wakati wa kupanda, wakiweza."

"Basi iko likizo," alisema, kana kwamba ananisahihisha hesabu rahisi. "Mtu mwenye kuondoka na anajua mlango ya kurudi, huyo iko likizo. Kugawanywa ni ile ingine." Akaweka kikombe. "Na wewe? Likizo yako ilikuwa lini?"

Nilifikiri. Nilirudi nyuma, mwaka hadi mwaka, mpaka kwenye mazishi ya baba. Sikuona hata siku moja.

Alishika fimbo, akainuka kwa shida, akasimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, na akanitazama kwa uso ule wa gerezani.

"Nakupa likizo," alisema. "Kuanza sasa mpaka jioni. Na mimi nakusindikiza, kwa usalama."

Binti alitoka jikoni, akauliza tunakwenda wapi. Afande alimwambia kwamba hiyo ni habari ya kikazi. Alinishika mkono, uzito wake wote ukanijia begani, tukatoka lango polepole, tukakaa kwenye gogo kando ya barabara mahali mtu alipokuwa akichoma mahindi. Tulikula. Watu walipita. Yeye aliwatolea kila mmoja maelezo ya uongo, huyu mwizi mstaafu, yule askofu aliyejificha. Mwanzoni mikono yangu haikujua pa kukaa, ilikuwa ikiokota makapi ya mahindi na kuyapanga. Akanipiga kidogo kwenye kidole kwa fimbo. Nikaacha. Nilikaa mpaka jioni.